Mlima Juu ya Chungu

Ardhi hupimwa kwa namna nyingi. Mpima ardhi huipima kwa mnyororo na darubini yake, mkulima huipima kwa magunia ya mahindi, na mfugaji huipima kwa siku ambazo ng'ombe wake wanaweza kukaa juu yake kabla majani hayajaisha. Katika Kenya yetu ni nadra kupata jamaa isiyojua thamani ya karatasi iitwayo hati ya shamba. Huwekwa sandukuni chini ya nguo, hutolewa kwa mikono iliyonawa, na ndugu wa tumbo moja wamefikishana mahakamani kwa ajili yake. Nakuomba, msomaji, uiache karatasi hiyo sandukuni kwa muda, unifuate mpaka nchi ya mbali ambayo wenyeji wake walinyimwa hati za namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, nao wakaendelea kutoa ushahidi wa ardhi yao kwa rangi na, baadaye, kwa udongo.

Nchi hiyo ni Australia, na mahali ninapopakusudia ni katikati yake hasa, mbali na bahari zote. Mji mkubwa wa huko ni Alice Springs. Ukitoka mjini ukaelekea magharibi mwendo wa kilomita 130 hivi, utafika kijiji cha Hermannsburg, ambacho wenyeji hukiita Ntaria. Wenyeji hao ni Waarrernte wa magharibi. Kijiji kimekaa karibu na mto Finke. Lakini usidhani kuwa mto huo ni kama Tana au Nzoia. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia pana ya mchanga yenye madimbwi machache, na maji hupita juu yake mvua kubwa inaponyesha tu, kisha huzama. Upande wa kaskazini imejipanga milima ya MacDonnell. Jua linapochomoza mawe yake huwa mekundu kama kaa la moto, na mtu aitazamapo kwa mbali mchana huiona imevaa rangi ya samawati na zambarau. Kati ya mawe hayo imeota miti yenye shina jeupe kama iliyopakwa chokaa. Mti huu ni jamaa ya mkaratusi, nawe mkaratusi waujua: asili yake ni Australia, ukaanza kupandwa Kenya mnamo mwaka wa 1902 ili upatikane moto wa kuendeshea magari ya reli ya Uganda. Kwetu ni mgeni anayenung'unikiwa kwa kunywa maji mengi. Kwao ni mzaliwa mwenye majina na hadithi.

Kwa imani ya Waarrernte milima hiyo haikujiinua yenyewe. Wahenga wa mwanzo, wengine wakiwa na umbo la watu na wengine la wanyama au wadudu, walisafiri juu ya nchi ilipokuwa bado haina sura. Walipolala, walipopigana na walipokufa, waliacha bonde, jiwe, kisima au mti. Mahali uliposimama mji wa Alice Springs ni kazi ya viwavi. Ndiyo, viwavi, wale wale wadudu walao majani. Na vilima kadhaa vinavyouzunguka mji huo ni miili yao. Ukitaka kucheka, jiulize kwanza ni vilima vingapi vya kwetu ambavyo bibi yako hawezi kuvitaja bila kusimulia kisa.

Jambo kubwa katika imani hiyo si kisa chenyewe. Ni wajibu. Kila mahali pana watu wake, waliopokea kwa upande wa baba au wa mama nyimbo, ngoma na michoro ya mahali hapo. Watu hao wana haki ya kupachora na wana kazi ya kupatunza. Na asiyehusika nao haruhusiwi kupachora kwa kuwa tu pamempendeza. Kwa hiyo, Mwarrernte anapochora mlima asemalo kwanza si kwamba mlima ni mzuri. Anasema kwamba mlima unamjua.

Zamani michoro hii haikufanywa ili iuzwe. Ilichorwa mchangani, ikafutwa na upepo. Ilichorwa juu ya miili wakati wa sherehe, ikafutwa na jasho. Na mingine iliwekwa juu ya vitu vitakatifu ambavyo si kila jicho liliruhusiwa kuviona. Vyungu havikuwako. Watu wa jangwani waliohamahama kufuata maji hawakuwa na haja ya mzigo unaovunjika. Mbegu zao na maji yao waliyabeba katika vyano vya mti. Mbali sana huko, katika kisiwa cha Jiigurru kilicho kaskazini mashariki ya Australia, wataalamu walitangaza mwaka wa 2024 kuwa wamechimbua vigae vya miaka 2,000 hadi 3,000. Lakini hiyo ni habari ya watu wa bahari. Chungu cha Ntaria ni kitu kipya, nami nakusihi usikidharau kwa upya wake mpaka nitakapokieleza kilivyopatikana.

Mwaka wa 1877 wamisionari wa Kilutheri waliotoka Ujerumani walifika kando ya mto Finke wakajenga misheni, wakaipa jina la mji wao wa kwao. Hapo ndipo alipozaliwa, tarehe 28 Julai 1902, mtoto aliyeitwa Elea. Wazazi wake walipoingia katika dini mpya alibatizwa Albert, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Albert Namatjira. Alisoma shule ya misheni, na alipobaleghe alipelekwa porini na wazee wake akafundishwa yale ambayo shule haikuyajua. Alifanya kazi nyingi. Alichora kwa chuma cha moto juu ya vibao vya mti, na aliendesha ngamia. Usistaajabie habari za ngamia: waliletwa Australia na wageni katika karne ya 19, wakafanya huko kazi ile ile wanayoifanya Wajir na Marsabit.

Mwaka wa 1934 wachoraji wawili wa Kizungu walionyesha picha zao misheni, na Namatjira akaziona picha za milima yake zimefanywa kwa rangi za maji. Mmoja wao, Rex Battarbee, aliporudi mwaka wa 1936 walipatana: Namatjira angeongoza ngamia na kumwonyesha mahali pa kuchora, na Battarbee angemfundisha kutumia rangi. Walisafiri pamoja kiasi cha miezi miwili. Mmoja alijua brashi, na mwingine aliijua nchi. Mwezi wa Disemba 1938 Namatjira alifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Melbourne, picha 41, na zote zikanunuliwa. Tangu siku hiyo sifa zake hazikusimama. Jina lake liliingizwa katika kitabu cha watu mashuhuri wa Australia mwaka wa 1944. Mwaka wa 1954 alikutana na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka wa 1956 picha ya uso wake, iliyochorwa na William Dargie, ilishinda tuzo la Archibald, ambalo kwa wachoraji wa huko ni heshima kubwa. Nakala za milima yake zilitundikwa katika nyumba nyingi za Australia, mahali ambapo mtu mwingine angetundika kalenda.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mtu huyu, ambaye fedha za picha zake zililisha jamaa kubwa kama ilivyoagiza mila, alitaka mnamo 1949 na 1950 kukodi ardhi ya kulishia ng'ombe. Alikataliwa. Mwaka wa 1951 alitaka kujenga nyumba yake mjini Alice Springs. Alikatazwa. Sheria za jimbo lile ziliwahesabu wenyeji wa asili kuwa watu walio chini ya ulezi wa serikali, kama watoto, hata wawe na mvi kichwani. Fikiri basi maana yake. Mtu wa Sydney aliweza kununua mlima wa Namatjira kwenye karatasi, akauning'iniza juu ya kiti chake cha kupumzikia. Na mwenye mlima hakuweza kukodi malisho chini yake. Wazee wetu walioonja maisha ya kipande, wakaziona Nyanda za Juu zikitengwa kwa ajili ya wengine, hawangehitaji maelezo marefu.

Mwaka wa 1957 serikali iliona haya, nadhani, ikamwondoa yeye na mkewe Rubina katika orodha ya watu wa kulelewa. Watoto wao iliwaacha ndani ya orodha. Tazama ajabu ya sheria hiyo: baba ni raia, na mwanawe mtu mzima si raia. Namatjira sasa aliruhusiwa kununua pombe, lakini kumpa mwenzake asiye raia ni kosa. Na kwa mila ya Waarrernte mwenye kitu asiyemgawia ndugu yake si mtu. Sheria mbili zilikutana juu ya chupa moja. Mwaka wa 1958 alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miezi sita na kazi. Kelele za watu na rufani zikakipunguza kuwa miezi mitatu, na mwaka wa 1959 akakitumikia miezi miwili mahali paitwapo Papunya, makao mapya ya serikali magharibi ya Alice Springs. Likumbuke jina hilo, maana tutalirudia. Aliachiliwa, na tarehe 8 Agosti mwaka ule ule akafa, umri wake miaka 57.

Hata kaburini hakuachwa na mambo ya hati. Mwaka wa 1957 alikuwa ameingia mkataba na kampuni ya uchapishaji kuhusu haki ya kunakili picha zake. Baada ya kufa kwake mali yake iliwekwa chini ya ofisi ya serikali, na mwaka wa 1983 ofisi hiyo ikaiuzia kampuni haki yote kwa dola 8,500. Kwa miaka zaidi ya thelathini jamaa zake hawakupata hata senti kwa nakala za milima ya babu yao. Haki hiyo ilirudishwa kwao mwaka wa 2017, kwa bei ya dola moja. Mimi naona hesabu hii yatosha kutuonyesha kwamba mtu anaweza kunyang'anywa mlima mara mbili: mara ya kwanza mawe yake, na mara ya pili sura yake.

Kulikuwa na wakosoaji, watu wa miji mikubwa na elimu kubwa, waliosema kuwa Namatjira si mchoraji wa kweli wa asili. Walidai kuwa ameiga Wazungu: ana mbele na nyuma ya picha, ana vivuli, ana rangi za duka. Walitaka alama za mchangani, na yeye akawapa mlima unaotambulikana. Sikubaliani nao hata kidogo. Watunzi wa zamani wa Lamu na Pate waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu. Je, yuko mtu mwenye akili timamu asemaye kuwa tenzi hizo si za Waswahili? Herufi ni chombo. Wakosoaji hao waliitazama brashi, wakasahau kuuliza mlima ule ni wa nani na kwa nini aliurudia mara nyingi namna ile. Kuna mlima wa magharibi uitwao Sonder, au Rwetyepme kwa jina la wenyeji, ambao kwa mbali hufanana na mtu aliyelala chali. Namatjira aliuchora tena na tena, asubuhi na jioni, na ukame na baada ya mvua. Mgeni hutosheka na picha moja ya mahali. Mwenyeji hatosheki, maana kila siku anapaona pengine.

Nimekwambia ulikumbuke jina la Papunya. Miaka kumi na miwili baada ya Namatjira kufungwa huko, yaani 1971, mwalimu wa shule aliyeitwa Geoffrey Bardon aliwahimiza watoto wachore alama za kwao badala ya kuiga vitabu. Wazee waliposikia walikuja wenyewe. Katika ukuta wa shule wakachora safari ya sisimizi wa asali, ambaye ndiye mhenga wa mahali pale. Baada ya ukuta wakachora juu ya vibao, milango na kila kitu bapa walichokipata, na mwaka wa 1972 wakaunda kampuni yao, Papunya Tula. Michoro ya nukta na duara ambayo leo imejaa katika makumbusho ya dunia ilipata nguvu hapo, kwenye ukuta wa shule kama yako. Ukuta wenyewe haupo tena machoni. Mwaka wa 1974 ulipakwa rangi juu yake.

Lakini je, picha yaweza kweli kusimama mahali pa hati? Swali hili halikubaki la maneno. Mnamo Agosti 1963, miezi michache kabla ya Kenya kupata uhuru, watu wa Yirrkala, walioko pwani ya kaskazini, waliliandikia Bunge la Australia kupinga machimbo katika ardhi yao. Maombi yao yaliandikwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, yakabandikwa juu ya magome ya miti, na pembeni ya maandishi wakachora alama za nchi yao, kama mtu apigaye muhuri. Bunge liliyapokea. Machimbo hayakuzuiwa, na kesi waliyoifungua walishindwa mwaka wa 1971. Hata hivyo sheria ya haki za ardhi katika jimbo lile ilipitishwa mwaka wa 1976, na chini ya sheria hiyo, mwaka wa 1982, ardhi ya misheni ya Hermannsburg ilirudishwa kwa Waarrernte.

Kisha ikaja picha ya Ngurrara, ambayo kwangu ni jibu lililo wazi kuliko yote. Watu wa Jangwa Kubwa la Mchanga, magharibi ya Australia, walikuwa wakidai nchi yao mbele ya baraza la serikali. Wazee waliona vigumu kueleza haki yao kwa Kiingereza cha mawakili. Mwaka wa 1997 wakakusanyika mahali paitwapo Pirnini, wakatandaza chini turubai la mita 8 kwa 10, wakakaa juu yake na rangi zao, kila mtu akachora kisima chake. Katika jangwa mali si mchanga, mali ni maji. Na kwa kuviunganisha visima vyao walipata ramani ya nchi nzima. Baraza lilipofika, turubai lilikuwa limetandikwa chini. Mzee mmoja mmoja alisimama juu ya sehemu aliyoichora, akatoa ushahidi kwa lugha yake, miguu yake ikiwa juu ya kisima chake. Tarehe 9 Novemba 2007 mahakama ilitambua haki yao juu ya nchi iliyozidi kilomita za mraba 70,000. Nimesoma habari za kesi nyingi za ardhi, zetu na za wengine, na sikumbuki shahidi aliyesimama mahali pazuri kuliko hapo.

Turudi sasa Ntaria, kwa Waarrernte, tukautafute udongo. Mwaka wa 1990, miaka minane baada ya ardhi kurudi, kikundi cha watu wa kijiji, wengi wao wanawake, walianza kujifunza ufinyanzi kwa mwalimu aliyeitwa Naomi Sharp. Baadhi yao walizaliwa katika nyumba za wachoraji. Maana Namatjira hakuwa peke yake, wanawe na jamaa zake walichora, na watoto wengi wa Ntaria walikua wakimwona mtu mzima amekaa chini na karatasi magotini, akiutazama mlima. Wafinyanzi hao hujulikana kwa jina la Hermannsburg Potters.

Kazi yao haina gurudumu. Mfinyanzi huviringisha udongo mwekundu mpaka uwe mrefu kama nyoka, akauzungusha juu ya kitako cha chungu, akaweka mwingine juu yake, akalainisha kwa vidole, ukuta ukapanda polepole. Ukiwahi kumwangalia mfinyanzi wa kwetu utaitambua kazi hii. Nilipokuwa kijana nilipenda kusimama sokoni karibu na mwanamke mmoja muuza mitungi. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi mtungi aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza: uliolia kama kengele ulikuwa mzima, uliolia kama debe ulikuwa na ufa. Mtungi wake ulitakiwa kupoza maji, na ukipoza maji, umetimiza. Chungu cha Ntaria hakitiwi maji wala mboga. Kikikauka hupakwa rangi, huchomwa katika joko, na huwekwa mahali pa kutazamwa. Mtu wa vitendo aweza kuuliza chungu kisichopika ni cha nini. Nami nitamjibu kwa kumwuliza hati yake ya shamba inapika nini.

Juu ya ukuta wa chungu huchorwa nchi: milima ya zambarau, mchanga mwekundu, miti ya shina jeupe, dimbwi la mto Finke baada ya mvua. Ni milima ile ile ya Namatjira, na aijuaye kazi ya mzee huyo huitambua mara moja. Lakini wanawake hawa hawakuishia hapo. Irene Entata alichora siku za misheni, watoto na kanisa na maisha ya zamani ya kijiji, na kwa kuvitazama vyungu vyake mtu asiyejua kusoma aweza kujifunza historia ya mahali pale. Wengine huchora siku za kazi ya ng'ombe, matunda ya porini, na hata mpira wa miguu wa Kiaustralia, ambao vijana wa huko waupenda kama sisi tupendavyo wa kwetu. Mafundi wengine wangeuona mpira hauna adabu ya kukaa juu ya chombo cha sanaa. Mimi nafurahi kuuona. Nchi ni pamoja na uwanja ambamo vijana wake huchezea jioni.

Kuna jambo ambalo vyungu hivi havionyeshi, nalo ni la makusudi. Siri za sherehe, ambazo wazee huzilinda, haziwekwi sokoni. Mnunuzi wa Melbourne au London hupewa mlima, mti na ndege. Hapewi wimbo wa mlima. Watu husema kwamba sanaa ikiuzwa huharibika, na pengine husema kweli. Ila hapa naona mwuzaji anajua vizuri sana mpaka wa bidhaa yake uko wapi, kuliko wengi wetu tunaouza maploti.

Karibu na Alice Springs palikuwa na miti miwili ya shina jeupe, iliyosimama pamoja kama mapacha, nayo ilipata umaarufu kwa sababu ya Namatjira. Mwanzoni mwa mwaka wa 2013, ilipokuwa karibu kuandikwa katika orodha ya urithi wa nchi, ilikutwa imechomwa moto. Mwaka wa 2020 tuzo lile la Archibald, ambalo zamani lilipewa Mzungu kwa kumchora Namatjira, lilipewa Vincent Namatjira, kitukuu chake, na hapana mwenyeji wa asili aliyewahi kulishinda kabla yake. Habari hizi mbili nimeziweka pamoja kwa kuwa zilinijia pamoja, nawe waweza kuzitenga.

Wafinyanzi wa Ntaria wangali kazini. Chungu kikikamilika hufinyangiwa kifuniko, na juu ya kifuniko hukalishwa kiumbe wa mahali palipochorwa: kenge, kangaruu, bundi, au kasuku mweusi mwenye mkia mwekundu. Mwenye kuchora karatasini hana budi kuukata mlima mahali fulani, maana karatasi ina kingo. Mfinyanzi hana kingo. Mlima wake hulizunguka tumbo la chungu mpaka ukakutana na mkia wake wenyewe, na atakaye kuuona wote sharti ainuke, atembee. Akifika upande wa pili ataona mto ambao hakuuona alipokuwa amesimama pale kwanza, na miti mingine, na kasuku wa juu ya kifuniko atakuwa amempa mgongo.